Magauni Mawili ya Kitambaa Kimoja

Viatu vipya vya plastiki vina harufu yake. Ukifungua tu mfuko inakupiga puani, harufu ya mpira na ya kiwanda, kidogo kama mafuta ya taa, na haifanani na kitu kingine chochote. Desemba iliyopita nilikuwa nimesimama katika duka moja mjini Arua nikimchagulia mwanangu viatu. Muuzaji akanifungulia mfuko, na mara nikawa sipo dukani. Nilikuwa Koboko, nina miaka minane au tisa, nimejificha nyuma ya uzio wa nyasi wa mtu nisiyemjua, nikiamini kabisa kwamba nimempata baba yangu aliyekufa.

Nadhani wengi wa rika langu wana Krismasi moja ambayo hawajawahi kuielewa vizuri. Yangu ni hiyo. Nimeisimulia mara nyingi, na kila nikifika mwisho naona kuna kitu nimekiruka, ila sijui ni kipi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia mizigo Vurra, mpakani na Kongo, akaipeleka Koboko na mbele zaidi, ng'ambo ya mpaka, Sudan. Nyumbani kwetu, upande wa Ombaci, nje kidogo ya Arua, alikaa siku mbili tatu kisha akaondoka tena. Alikuwa na sweta la bluu alilolivaa akiondoka alfajiri. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimetoboka kwa sababu ya kukiegemeza dirishani, na Mama alikitia kiraka chekundu kwa kuwa siku hiyo hakuwa na kitambaa cha bluu. Baba alicheka, akasema sasa hata askari wa barabarani watamtambua kwa mbali.

Lori lilipinduka kiangazi. Siku ya mazishi watu walijaa uani mpaka barabarani, na mimi nilikaa kwenye mkeka ubavuni mwa Mama. Karibu na lango alisimama mwanamke mrefu mweusi tii, amefunga leso ya kijani kichwani, ameshika mkono wa mtoto wa kike mdogo kuliko mimi. Hakuingia, hakuondoka. Baba mkubwa, kaka yake Baba, aliinama karibu na Mama akamwuliza, "Unamjua yule?" Mama alitazama langoni kwa muda. "Simjui," alisema. Baba mkubwa akaenda kuzungumza na yule mwanamke, na nilipogeuka tena hawakuwapo.

Nilimwuliza Mama ni akina nani. "Ni watu waliopotea njia," alinijibu.

Mtoto husikia maneno kama yalivyo. Kwa wiki kadhaa niliwahurumia wale watu waliopotea njia. Nilijiuliza kama walifika kwao, na kwa nini hakuna aliyewaonyesha barabara. Baadaye wajomba na baba wadogo waligawana nguo za Baba. Sweta la bluu halikuwamo. Nikadhani wamemzika nalo, maana alikuwa mtu wa kusikia baridi.

Mwaka ukaelekea mwisho. Katika darasa la katekisimu mwalimu wetu, mzee mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alitusimulia habari za askofu mmoja wa zamani, wa nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, ambaye ndiye chanzo cha zawadi za Krismasi. Palikuwa na baba maskini mwenye mabinti watatu, na kwa umaskini wake mabinti hawakuweza kuolewa. Askofu akapita gizani, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, akaenda zake. Akafanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu yule baba akamvizia, akamshika joho, na askofu akamsihi: usimwambie mtu yeyote muda wote nitakaokuwa hai.

Darasa zima tulichanganyikiwa. Kwetu baba wa mabinti watatu ni tajiri anayesubiri ng'ombe wake. Kijana mmoja alisema huyo baba alikuwa mjinga, angewaozesha wote kwa mpigo. Mwalimu akaeleza kwamba kule kwao mambo yalikuwa kinyume, upande wa msichana ndio uliotoa mali, na tukazidi kushangaa. Mimi nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama alikataza asitajwe, sisi tumejuaje?"

"Kaa chini, Ayikoru."

"Kwa hiyo amekufa?"

"Amekufa, lakini bado anapita. Anapita kwa mikono ya watu." Kisha akatupa kazi. Kabla ya Krismasi kila mmoja wetu ampe mtu kitu, na yule mtu asijue kimetoka wapi.

Nilirudi nyumbani na sentensi ile moja kichwani: amekufa, lakini bado anapita. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba hilo linawezekana.

Wiki hiyohiyo Mama alinunua kitambaa cha manjano chenye ndege wa bluu, akakipeleka kwa fundi cherehani aliyekaa barazani karibu na soko. Fundi alinipima mabega na kiuno. Tuliporudi kuchukua kazi, palikuwa na magauni mawili ya kitambaa kimoja, moja langu, na jingine dogo zaidi. Viatu navyo vilikuwa jozi mbili. Kwetu tulikuwa mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye hata kutembea alikuwa hajui vizuri.

"Hili dogo ni la nani?"

"La mtu."

"Mtu gani?"

Mama alikunja lile gauni taratibu, kola juu, mikono ndani. "Mtu asiyejua," alisema.

Basi nikajua. Mama anafanya kazi na askofu. Ilinipa fahari na hofu kwa pamoja, kwa sababu nilifikiri mtu anayepita nyumbani mwa watu na kuchukua vitu vya kuwapa wengine anaweza pia kukosea akachukua vyangu. Mama alifungia gauni langu sandukuni mpaka Krismasi. Siku mbili baadaye aliponiambia tunakwenda Koboko kumsalimu Haboba, na mdogo wangu atabaki kwa jirani, nilifungua sanduku akiwa bafuni, nikavaa gauni jipya, kisha juu yake nikavaa la kila siku. Kama askofu angelitaka, ingembidi anivue.

Haboba kwa Kinubi ni bibi. Hakuwa bibi yetu wa damu. Alikuwa mjane wa Kinubi, Mwislamu, mzee, mweupe wa nywele, na Baba alipanga chumba uani kwake kwa ajili ya zile siku alizolala Koboko. Alisuka vifuniko vya chakula vya rangirangi ambavyo Wanubi huviita tabaga, na nyumba yake ilinukia ubani na tangawizi. Nyumbani tulizungumza Kilugbara. Kwa Haboba Mama alibadilisha akasema Kiswahili, kile cha kwetu cha sokoni na cha kambi za jeshi, kisicho na mambo mengi.

Tulifika kabla ya mchana. Baada ya chai Mama alitoa furushi mkobani, na mimi niliyejifanya nachezea mabaki ya ukili nikasikia yote.

"Naweka pale mlangoni, kama mara ile," Haboba alisema. "Saa hii yeye iko kwa pampu ya maji."

"Asijue, Haboba."

"Hapana jua. Yeye nafikiri iko watu ya kanisa."

"Na mtoto?"

"Mutoto iko mzuri. Nakua."

Haboba akajitanda nguo yake nyeupe, akalitia furushi kwapani, akatoka. Mama aliinamisha kichwa akiwa na kikombe mikononi, hakuniangalia. Nikapenya mlango wa uani nikamfuata Haboba. Nilikuwa na swali moja tu. Askofu wa mwalimu alikuwa mwanamume na Mkristo, na huyu anayepita mbele yangu ni Haboba, anayeswali mara tano kwa siku. Nilitaka kuona kama njiani atageuka akawa mtu mwingine.

Hakugeuka. Alipita nyumba nne au tano, akaingia kwenye uwanja mdogo uliofagiliwa vizuri, akaweka furushi kwenye kizingiti cha nyumba ya udongo, akarudi kwa njia nyingine. Mimi nilibaki nyuma ya uzio wa nyasi. Nilikuwa karibu kuondoka nilipoona kamba ya nguo. Juu ya kamba, katikati ya shuka na kanga, lilining'inia sweta la bluu lenye kiraka chekundu kwenye kiwiko cha kulia, linadondosha maji.

Lilikuwa limefuliwa asubuhi hiyo. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilijua nguo za marehemu hugawiwa. Sikujua kwamba huanikwa. Niliyaunganisha yote kwa dakika moja, kwa akili ya mtoto, na yakaungana vizuri sana. Amekufa, lakini bado anapita. Watu waliopotea njia. Mtu asiyejua. Baba alipotea njia akaishia hapa, hajui nyumbani ni wapi, na Mama anamletea vitu kwa siri kwa sababu imekatazwa kusema.

Wakati huo akaja yule mwanamke wa leso ya kijani, jerikani ya maji kichwani, na yule mtoto nyuma yake na kidumu kidogo. Mtoto aliliona furushi kwanza. Akapiga kelele za furaha, akalifungua palepale, na harufu ya viatu vipya ikanifikia. Mama yake akatua jerikani, akainua mikono juu kidogo, akasema maneno ya kushukuru kwa lugha nisiyoijua. Kisha akamvika mtoto gauni. Lilimkaa sawasawa.

Sikungoja tena. Nilipita kwenye tundu la uzio, nyasi zikanichana shavu, nikakimbia moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba yao.

"Baba!"

Ndani palikuwa na giza na ubaridi. Kitanda kimoja, sufuria, picha ya Bikira Maria ukutani. Niliangalia nyuma ya pazia. Niliinama nikaangalia chini ya kitanda. Nilipoinuka yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe natafuta nini?"

"Baba yangu. Sweta lake liko nje."

Alinitazama uso kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Halafu macho yake yakashuka. Pindo la gauni langu la ndani lilikuwa limetokeza. Alipiga magoti, akainua nguo yangu ya juu kwa vidole viwili, akawaona ndege wa bluu. Akageuka akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anajizungusha uwanjani na ndege walewale.

"Mama yako iko wapi?" aliuliza polepole.

"Kwa Haboba. Na Baba?"

Aliishusha nguo yangu. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Baba hapana iko, mwanangu. Sweta tu iko."

Nakumbuka nilimkasirikia kwa jibu hilo, kana kwamba yeye ndiye aliyemficha. Alitoka, akamvua mtoto gauni, mtoto akalia, mama yake akafunga kila kitu furushini na kunishika mkono. Tukaenda hivyo, yeye mbele na furushi, mimi nikivutwa, na mtoto nyuma yetu na chupi tu, akilia njia nzima.

Mama alipotuona alisimama, kisha akakaa tena. Mama Poni, maana Poni ndilo lilikuwa jina la mtoto, aliweka furushi miguuni pake.

"Hii kitu yako. Chukua."

"Nani amesema ni yangu?"

"Mutoto yako navaa ile ndege. Kitambaa moja."

Mama alinitazama, na sikuwahi kuona uso wake ukiwa hivyo. Haboba akasogeza kigoda. "Kaa kwanza, Mama Poni. Jua iko kali."

"Mimi hapana kaa. Mwaka yote mimi naambia Poni, iko watu ya kanisa, Mungu nakumbuka sisi. Kila asubuhi mimi naombea wao. Kumbe mimi naombea huyu!"

"Mimi nikileta na mkono yangu, wewe utapokea?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Basi ndiyo sababu."

"Hiyo hapana sababu. Wewe naogopa kitu. Naogopa nini?"

Poni alikuwa amenyamaza sasa, anafuta kamasi kwa kiganja. Haboba alishika ukili wake lakini hakusuka. Mama alianza kusema akiongea na sakafu.

"Siku ya kuzika, wao waliuliza mimi kama nakujua. Mimi nilisema hapana."

"Mimi nilisikia. Kaka yake aliambia mimi."

"Lakini nilikuwa nakujua. Zamani. Nilijua jina yako, nilijua na jina ya mutoto. Nilisema hapana kwa sababu watu walikuwa wengi, na mimi nilikuwa na haya. Kutoka siku ile mimi silali vizuri."

"Na sasa wewe natafuta usingizi kwa mlango yangu."

Mama aliendelea kuitazama sakafu. Nilitaka amjibu. Nilitaka mmoja wao aseme kitu ambacho kingenionyesha nani ana makosa, ili nijue nimkasirikie nani. Mama Poni alikaa kwenye kigoda ghafla. Akamwangalia mwanawe aliyesimama karibu na furushi na mkono mmoja umeshalishika.

"Poni nataka hii nguo," alisema mwishowe. "Mimi siwezi vua yeye mara mbili siku moja. Lakini mimi pia sitaki mutu ya kujificha. Kama wewe nampa, wewe mwenyewe nampa. Na mkono yako. Na wewe naambia yeye jina yako."

Mama alifungua furushi. Alimwita Poni, akamvika gauni, na kifungo cha nyuma kikamshinda mara mbili, hata Haboba akataka kuinuka amsaidie, Mama Poni akamzuia kwa kichwa. Kifungo kikaingia. Mama akamgeuza Poni wakatazamana.

"Mimi naitwa Mama Ayikoru," alisema. "Yule pale ni Ayikoru. Baba yake ni baba yako. Yeye ni dada yako mkubwa."

Poni alinitazama, akamtazama Mama. "Na kiatu?" aliuliza.

Haboba alicheka kwanza. Mama Poni alijizuia, kisha akashindwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nayarudia yale maneno kichwani, na kila neno nililijua, lakini yakikaa pamoja yalikataa kuingia. Baba kwangu alikuwa mmoja na wa kwetu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimempata, nikampoteza, kisha nikaambiwa tumgawane. Tulikula wali na mchuzi wa samaki mkavu, sote sahani moja. Poni alikaa akinigusa bega, na sikujua nisogee au nisisogee.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa katekisimu aliuliza ni nani aliyetoa zawadi bila kujulikana. Mikono mingi ilinyooka. Mimi wangu nilikaa nao mapajani, sikujua kama ya kwetu inahesabiwa, iliyoanza kwa siri na kumalizika kwa kelele. Nilitaka kumwuliza kama askofu alikuwa anajificha kwa sababu alikuwa mwema, au kuna jambo alikuwa amewatendea wale mabinti. Sikuuliza. Angeniambia nikae chini.

Poni sasa ni mtu mzima, anaishi Arua, tunaonana karibu kila wiki. Nikimkumbusha siku ile, yeye anasema hakumbuki askofu wala ndege. Anakumbuka tu kwamba alivuliwa nguo akidhani amekosea, akavikwa tena bila kuambiwa kosa limesamehewaje. Mama Poni alifariki Kuluva, hospitalini, na siku hiyo aliyemshika mkono alikuwa Mama. Niliwahi kumwuliza Mama kama zile zawadi zilikuwa upendo au haya. Alikuwa anachambua mchele. "Ulikuwa mtoto," alisema. "Umechanganya mambo." Akaendelea kuchambua.

Labda nimechanganya. Lakini hili la mwisho nina hakika nalo. Jioni ya siku ile ya Koboko, jua bado lipo, tulikuwa tunatembea kwenda kutafuta gari la kurudi Arua. Mama alikuwa mbele, mkoba mtupu begani. Karibu na kituo alisimama ghafla kando ya barabara, akakaa juu ya gogo, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Watu walipita wakitutazama. Niliinama nikajaribu kuchungulia kati ya vidole vyake, nijue kama analia au anacheka, lakini sauti ile ilifaa kwa yote mawili.  Basi nikavua nguo yangu ya juu, nikabaki na gauni la ndege, nikaikunja vizuri, kola juu, mikono ndani, nikamwekea mapajani ajifutie uso.